Kama ni Mjane, Kama ni Mkamwana

Nimewahi kuomba radhi kwa watu wengi kwa makosa ambayo wao wenyewe hawakuyaona. Siku moja nilimkimbilia mteja mpaka stendi ya mabasi kumwambia kwamba kwenye barua yake ya kuomba kazi, mstari wa tisa ulikuwa umeingia ndani kwa nafasi moja zaidi. Mteja alinitazama kama mtu aliyefuatwa ili aambiwe kwamba nzi ametua kwenye basi lake. Lakini kosa moja, ambalo lilikaribia kumtoa mwanamke katika ukoo wa mumewe, nililisoma mara tatu kwa macho yangu haya, nikaliona safi, nikalikunja na kulitia kwenye bahasha. Hilo ndilo ninaloliandika hapa. Majina sitayataja, na mtaona kwamba katika habari hii majina ndiyo yaliyoleta balaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa mtaalamu wa kompyuta. Aliyeniteua kuwa mtaalamu ni mimi mwenyewe, baada ya kukosekana mpinzani. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ambapo kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara alikigeuza duka, na aliyekuwa na meza aliiita ofisi. Mama mmoja wa Mbugani, aliyekuwa akivusha vitenge na sabuni kutoka Malawi, ambako ana dada na mashangazi wasiohesabika, alinunua kompyuta kuukuu Dar es Salaam kwa sababu aliambiwa hiyo ndiyo biashara ya kesho. Akaiweka chumba cha mbele na kuifunika kitambaa cheupe cha kufuma. Kwa miezi miwili ikakaa hivyo, ikiheshimiwa kama mgeni asiyekula.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kupiga taipureta kwa vidole vyote kumi. Kompyuta ilikuja na kitabu chake cha Kiingereza, ila kurasa arobaini za mwanzo zilikuwa zimekwisha kufungiwa karanga na mtu wa huko ilikotoka. Kwa hiyo nilianza kujifunza kompyuta kuanzia ukurasa wa arobaini na moja, na mpaka leo yapo mambo ya msingi kabisa ambayo siyajui.

Ukurasa ulionibadilisha maisha ulikuwa katikati ya kitabu. Ulieleza kwamba unaweza kuandika barua moja tu, nami niliiita barua mama, halafu ukatengeneza orodha ya watu, na mashine ikazaa barua kwa kila mtu na jina lake juu. Hilo lilinifurahisha. Lakini ukurasa uliofuata ulinifanya nisimame, nitoke nje, nitembee mpaka kwenye mtaro na kurudi. Kumbe ndani ya barua mama unaweza kuficha masharti. Kama mtu huyu ni hivi, basi mwandikie maneno haya. Vinginevyo, mwandikie yale. Mpokeaji haoni sharti lolote. Anaona barua iliyomlenga yeye, yenye habari zake yeye, na anadhani kuna mtu alikaa kitako akamfikiria. Nilikuwa nimegundua namna ya kumjali kila mtu bila kumfikiria yeyote. Kwa msichana mwenye wasiwasi kama mimi, ninayeweza kushindwa kulala kwa sababu nilimsalimia jirani kwa sauti ndogo, hii ilikuwa neema.

Nilianza na kwaya. Kama ni mwimbaji wa besi, aje mazoezini saa nane. Vinginevyo, saa tisa. Besi ndio waliokuwa na kazi ya ziada. Walikuja saa nane, wamenuna, na hakuna aliyegundua kwamba wengine waliambiwa saa tisa. Nikajiona nimefika.

Mama mwenye duka hakuelewa vizuri, ila alipenda.

"Gwe," aliniuliza, yaani wewe, "na mimi ungeniandikia nini kwenye hiyo mashine?"

"Kama ni mama mwenye duka, basi aache kuweka kikombe cha chai juu ya printa."

"Na vinginevyo?"

"Vinginevyo hakuna, mama. Ni wewe peke yako unayeweka."

Akacheka, akakiacha kikombe palepale.

Ndipo akaja mzee mmoja mkulima wa kakao na mpunga kutoka Bujonde, mzee wa kanisa, mrefu, mpole, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliteremka kwenye baiskeli ya abiria, akavua kofia, akaisalimu mashine kwa kichwa, kisha akanisalimu mimi. Alitaka barua za kuwaita watu kwenye jubilei yake: yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa.

"Barua za mchango, baba?" niliuliza, kwa sababu siku zile hapakuwa na barua nyingine duniani.

"Sitaki mchango wa mtu. Nataka watu."

Alikuwa na daftari la shule lenye majina mia moja na ishirini, na kwa kila jina alikuwa na neno lake. Wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, waelezwe njia na mahali pa kulala. Wazee wenzake waambiwe kutakuwa na viti vyenye migongo. Wajane wa marafiki zake waliotangulia wapewe heshima ya peke yake. "Kila sherehe wanakaa nyuma karibu na masufuria," alisema, "kama vile waume zao walipokufa nao wakafa nusu. Hawa wakae meza kuu, karibu nami na mke wangu, tule pamoja. Na uandike majina yao wenyewe, si mke wa marehemu fulani." Nilipenda sana. Nikaandika: kama ni mjane, basi jina lake kwa herufi nene, na meza kuu.

Kisha kidole chake kikafika kwenye jina moja, na hakikuligusa. Kilisimama juu yake hewani.

"Huyu ni mkamwana wangu. Mke wa mwanangu mkubwa."

Kwa msomaji asiye wa kwetu lazima nieleze. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapatani, nasema hawaonani kwa macho. Mzee akipita njiani, mkamwana huingia migombani, hujifunika kanga na kuinama mpaka apite. Jina la mkwe halitoki mdomoni mwake. Naye mzee akijua mkamwana yuko uani, hukohoa mapema na kuzunguka nyumba kwa upande mwingine. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na inavyozidi ndivyo mtu anavyojulikana kuwa ni wa pale. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa sisi wa mjini. Wakwe na wakamwana wanapeana mikono kama wajumbe wa mkutano. Mimi, msichana wa kisasa mwenye kitabu kisicho na kurasa arobaini, niliyaona mambo hayo kuwa ya zamani. Mzee huyu hakuwa amelegeza. Wala mkamwana wake.

"Mwanangu alifariki, mwaka wa tatu sasa," alisema. "Mkewe akarudi kwa kaka yake ng'ambo, na wajukuu wangu. Sikumfukuza. Lakini watu wanasema nilimfukuza, na nadhani hata yeye anaambiwa hivyo."

"Hukumtumia ujumbe, baba?"

"Kwa mdomo upi? Mke wangu ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwake, na sasa miguu yake imekataa safari. Mimi nikimsemesha, nimeharibu." Akaigeuza kofia yake mapajani. "Kwa hiyo yeye usimwandikie. Mwandikie mjukuu wangu wa kwanza. Mwambie, babu anasema nyumba ya baba yako ina mlango, na mama yako ndiye mwenye mlango huo. Mama yake atasikia humo humo. Umenielewa, mwanangu? Kwa mjukuu."

"Nimeelewa, baba."

"Na wale wakamwana wengine, waandikie waume zao."

Nilielewa kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Laiti ningekuwa mjinga. Niliandika sharti zuri kabisa: kama ni mkamwana, basi barua iende kwa mumewe, na kama mumewe hayupo, iende kwa mtoto, na maneno ya mlango ndani yake. Lilikuwa sharti refu kuliko yote, na nilijivunia urefu wake.

Masharti yalifika kumi na manne. Nilipoyatazama kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa yamekaa ovyo, refu juu ya fupi, fupi juu ya refu, na hali hiyo ilinikosesha raha. Nikayapanga kuanzia fupi kabisa mpaka refu kabisa, yakawa kama ngazi. Yalipendeza mno. Nilimwita mama mwenye duka aje aone. Akasema ni mazuri, akauliza kama umeme utakatika tena.

Jambo ambalo kitabu kililieleza, pengine katika zile kurasa za karanga, ni kwamba mashine husoma masharti kutoka juu. Ikikuta la kwanza linalokubali, inalishika na haiulizi tena. "Kama ni mjane" lilikuwa fupi kuliko yote. Likakaa juu ya ngazi. "Kama ni mkamwana" likakaa chini kabisa, na urefu wake wote.

Barua zilipotoka nilizisoma zote mara tatu. Mara ya kwanza niliangalia nukta, mara ya pili nafasi, mara ya tatu pambizo la kulia. Maana ya maneno haikuwa katika orodha yangu ya ukaguzi.

Mzee akaja kutia sahihi. Nilimwekea kidole mahali pa kuandika, naye akaandika jina lake lote, kila mara, taratibu, kama anayechonga. Alipofika kama barua ya hamsini akainua kichwa.

"Ile ya ng'ambo, kwa mjukuu. Nisomee nisikie."

"Baba, zimekwisha kupangwa kwa alfabeti. Nikiichomoa moja nitavuruga mpangilio."

"Mstari ule wa mlango umo?"

"Kila mtu ana maneno yake, baba. Mashine haikosei."

"Haikosei?"

"Haiwezi."

"Ndaga," akasema, yaani asante, akaendelea kuchonga jina lake. Sijui kama mtu mwingine aliyewahi kushukuriwa kwa upole ule aliustahili kidogo kama mimi.

Barua za ng'ambo alizichukua mama mwenye duka katika safari zake. Akakaa huko siku nne. Aliporudi hakuteremsha hata mzigo. Aliingia na furushi kichwani, akasimama mbele yangu.

"Gwe mtaalamu. Ile barua ya mkamwana wa Bujonde uliitia nini?"

"Nimeitia mlango," nikasema. "Maneno ya mlango. Kwa mjukuu."

"Mlango upi? Niliifikisha mwenyewe kwa kaka yake. Bahasha ina jina la mwanamke. Kaka mtu akaifungua akasoma kwa sauti, sote tumekaa. Jina lake juu, nene, kama tangazo la mnada. Halafu: nitafurahi ukiketi meza kuu, karibu nami, tule pamoja. Mkwe kusema hayo! Na sahihi chini! Yule mwanamke alijifunika kanga uso mzima kabla haijafika nusu, akaingia ndani, hata kuniaga hakuniaga."



"Herufi nene ni kwa wajane wote," nilisema. Mungu anisamehe, hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka.

"Basi kamwambie kaka yake kwamba ni kwa wote! Unajua amesema nini? Amesema mtu anayemwita mkamwana kwa jina na kumkaribisha sahani, amekwisha kumwondoa ukamwana. Amesema, tumefukuzwa, ila tumefukuzwa kwa karatasi nzuri. Na kuna jamaa pale, mlevi mlevi hivi, akacheka akasema labda mzee anatafuta wa pili wa kusherehekea naye jubilei."

Ndipo akateremsha furushi. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa mbele ya mashine. Nilipanda ngazi yangu nzuri kwa macho, nikaona lililo juu na lililo chini. Nilihamisha mstari mmoja kutoka chini kwenda juu. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Nikachapa upya, na barua ikatoka kamili, kwa mjukuu, na mlango wake. Ngazi ilikuwa imeharibika, refu juu ya fupi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikujali.

Mzee alikuja kesho yake. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu, kwa sababu kwetu habari hazihitaji umeme. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Nisomee ile barua iliyokwenda."

Nikamsomea, yote, mpaka sahihi.

"Nilisema kwa mjukuu."

"Ulisema, baba."

"Nawe ukasema haikosei."

"Nilisema."

Nilitamani anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Nilikuwa na majibu matano ya unyenyekevu, nimeyapanga. Hakufoka.

"Sasa anajua nimemtoa," alisema. "Na siwezi kwenda kumwambia sikumtoa. Nikienda kumwambia kwa mdomo wangu, ndiyo nitakuwa nimemtoa kabisa." Akaitazama mashine, si kwa hasira, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani. "Wajukuu wangu watakua wakijua babu yao aliwafunga mlango kwa barua."

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Utakwenda kusema nini?"

Jubilei ilikuwa imebaki wiki moja.

Mama mwenye duka alinielekeza: huyo mwanamke huvuka mto siku ya soko na kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani, upande wetu, Katumba Songwe. Nilipanda baiskeli ya abiria, nimekumbatia bahasha yenye barua iliyosahihishwa, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kitabu, ili isijikunje. Njia nzima mwendesha baiskeli alinisimulia kuhusu mpunga wa kaka yake uliozama, nami nilikuwa nikifanya mazoezi ya sentensi ya kwanza. Nilitengeneza matoleo sita. Kama akikasirika, nitasema hivi. Kama akilia, nitasema vile.

Nilimkuta ameketi nyuma ya mafungu ya usipa yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba, hata katika hali ile, niliona wivu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba. Binti yake wa kwanza, wa kama miaka kumi na mmoja, alikuwa akifukuza nzi kwa tawi. Kando yake alikaa mama mnene anayeuza mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mafungu mangapi?"

"Sikuja kununua."

"Basi sogea, umewaziba wanaonunua."

Matoleo yote sita yakanitoka kichwani. "Mimi ndiye niliyeandika ile barua," nikasema.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Barua aliandika mwenye mji," akasema, akimtaja mkwe wake bila jina. "Baadaye niliona mkono wake kwenye sahihi."

"Mkono ni wake, mama. Maneno si yake. Ni mashine." Na hapo, mbele ya usipa, nikaanza kumweleza masharti. Ndiyo, nilimweleza. Mungu ameniumba hivyo. Nikamwambia kuhusu kama, na basi, na vinginevyo, na kwamba mashine ilianza juu, ikauliza, je, huyu ni mjane? Ikajibiwa ndiyo, na hapo hapo ikaacha kuuliza. Haikufika chini ilikoandikwa mkamwana.

"Kwa hiyo ilimwona mjane, ikatosheka?" aliuliza mama wa mihogo.

"Ilitosheka."

"Kama watu tu," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Yule mwanamke hakucheka. Alikuwa akiliweka sawa fungu lililokuwa sawa.

"Tangu mume wangu afe," alisema polepole, "kila ninakokwenda naanzia kuwa mjane. Dukani mjane. Kanisani mjane. Kwa kaka yangu, mjane na wanawe. Kulikuwa na mji mmoja tu ambao nilijua huko mimi bado ni mkamwana, hata kama siendi. Ndipo ikaja hiyo karatasi yako."

Nikatoa bahasha kwenye kitabu, kwenye nailoni. "Hii imesahihishwa."

"Tena karatasi?"

"Hii iko sawa, mama. Nimeihakiki."

"Ile nayo ilikuwa imenyooka sana." Hakuipokea. "Irudishe kwenye mfuko wako. Yeye mwenyewe alisema nini? Kabla hujamtia kwenye mashine?"

Nikafungua mdomo, naye akanyoosha kiganja haraka. "Usinisemeshe mimi!" Akamwita binti yake. "Njoo umsikilize huyu dada. Ana maneno ya babu yako." Kisha akatugeuzia mgongo, akaanza kuchambua usipa kwenye beseni.

Kwa hiyo nilimwambia mtoto. Nilipiga magoti ili tuwe sawa, kwenye matope na magamba, na sketi yangu ya kazini. Nilimwambia babu alitaka barua iwe yake, yeye mtoto, si ya mtu mwingine. Kwamba babu alisema nyumba ya baba yako ina mlango, na mama yako ndiye mwenye mlango huo. Kwamba aliniuliza kama mstari wa mlango umo, nami sikumsomea kwa sababu nilikuwa nimezipanga barua kwa alfabeti. Mtoto akaniuliza alfabeti ni nini hapo. Nikamwambia ni upuuzi. Halafu nikakumbuka kitu ambacho sikukitia kwenye orodha yoyote, kwa sababu hakikuwa na safu yake.

"Alipofika kwenye jina la mama yako kwenye daftari," nikasema, "kidole chake hakikuligusa. Majina yote mengine aliyagusa. Hilo alilielekezea kwa juu, hivi."

Nikamwonyesha kwa kidole changu juu ya fungu la usipa.

Mikono ya yule mwanamke ikasimama ndani ya beseni. Halafu ikaendelea.

"Mwambie huyu dada anunue usipa," alimwambia binti yake bila kugeuka. "Amekaa sana."

Nikanunua mafungu mawili. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Nikarudi Mbugani nikinuka samaki, bila jibu. Mzee alituma mtu kuuliza mkamwana alisema nini, nikamjibu ukweli: alisema ninunue usipa. Mtu huyo aliniangalia kwa huruma.

Siku ya jubilei ilifika na jua lake. Maturubai yalifungwa mbele ya nyumba ya mzee, kati ya mikakao na migomba. Meza kuu ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba, mzee katikati na mkewe, na wajane wa marafiki zake pande zote mbili, wamevaa vitenge vipya, wamekaa wima kama waliokuwa wakingoja kiti hicho kwa miaka mingi. Hilo angalau nililiweka sawa. Besi walifika kabla ya wenzao wote. Mimi nilijichagulia benchi la mwisho, panapoonekana njia ya kutoka barabarani, na kila baiskeli iliyokata kona niliihesabia abiria wake. Ibada ikapita. Hotuba zikapita, moja baada ya nyingine, kila moja ikiahidi kuwa fupi. Mzee alikuwa akitabasamu pale tabasamu lilipohitajika, na baada ya hapo uso wake ulikuwa ukirudi chini. Njiani hapakuja mtu.

Ilipofika zamu ya mgeni rasmi, bwana mmoja wa kutoka Mbeya mwenye tai, ndipo nikasikia kelele. Hazikutoka njiani. Zilitoka nyuma, upande wa jiko, ambako sikuwa nimetazama hata mara moja, kwa sababu mimi bado nilikuwa namngojea mgeni, na wageni huja kwa njia ya mbele.

"Anapita!" bibi mmoja alipiga kelele kutoka uani, kwa sauti ya kuonya na ya furaha kwa pamoja. "Jamani, mkamwana anapita!"

Mzee aliruka. Sina neno jingine. Mzee wa kanisa, siku ya jubilei yake, mbele ya mchungaji na mgeni rasmi, aliinuka kama aliyemwagiwa uji, akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akaketi akiutazama ukuta. Mgongo wake ukabaki umetukabili watu mia na zaidi.

Kati ya migomba niliona kanga inapita. Mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa ameinama chini kabisa, amejifunika kuanzia utosini, chini kuliko adabu yoyote niliyowahi kuiona, kana kwamba anataka ukoo mzima ushuhudie alivyoinama. Mbele yake watoto wake watatu walitembea wima. Wakaingia jikoni, na vigelegele vikalipuka huko mpaka mgeni rasmi akasahau alikuwa amefikia wapi.

Akamwinamia mke wa mzee. "Mama, mzee ana nini? Anaumwa?"

Bibi yule alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mwache," akasema. "Anasalimiwa."

Baadaye kidogo yule binti akatoka jikoni, amebeba sahani ya wali na nyama kwa mikono miwili, iliyopakuliwa huko na mama yake. Alipita meza kuu yote, akapenya kati ya babu yake na ukuta, akapiga goti. Mzee akaipokea. Akala mpaka mwisho akiutazama ukuta, kisha akamrudishia mtoto sahani na kumtuma aombe aongezewe.